Nani alikufundisha?

"Ulijuaje kwamba siku hiyo ilikuwa Alhamisi?"

Wakili wa utetezi hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kwa sauti ya chini, yenye upole, kama mwalimu anayemkumbusha mwanafunzi hesabu waliyoifanya jana. Mlango wa chumba cha mahakama ulikuwa umefungwa, kwa kuwa shauri la kosa la kujamiiana linapomhusu mtoto husikilizwa faragha, na ndani tulikuwa wachache. Hakimu alikuwa ameniruhusu mimi, niliyekuwa nikimsindikiza mtoto katika shauri lake, niketi pembeni, mahali ambapo mtoto angeweza kuniona kila atakapoinua macho. Ruhusa hiyo niliiomba mwenyewe, kwa kuamini kwamba uso anaoufahamu ungempa nguvu.

Mtoto akainua macho, akanitazama.

"Dada ndiye aliyeniambia niseme Alhamisi."

Hakimu, ambaye tangu asubuhi alikuwa akiandika kila jibu kwa mkono, aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi na kuiacha hewani. Wakili akauliza swali ambalo wakili yeyote wa utetezi angeliuliza: ni nani huyo dada, na ni mambo gani mengine aliyokufundisha?

Niliombwa nitoke nje.

Jioni ya kuamkia shauri

Nilichokifanya ni hiki. Jioni ya kuamkia siku hiyo nilikwenda nyumbani kwa shangazi yake, alikokuwa akiishi tangu mambo yale yatokee, nikamwomba anisimulie upya ili nijue kama yuko tayari. Alisimulia vizuri hadi alipofika kwenye siku. Mara ikawa Jumatano, mara ikawa labda siku ya gulio. Nilikuwa nakumbuka kwamba maelezo yake yaliyoandikwa polisi yalitaja Alhamisi, nikaogopa kwamba angebabaika na kuonekana mwongo. Nikamwambia, kwa upendo kabisa, "Ni Alhamisi. Ukiulizwa, sema Alhamisi." Akarudia mara tatu. Nikampongeza, nikaondoka nikiwa nimeridhika na kazi yangu.

Wakili wa Serikali, mama wa makamo ambaye amesimamia mashauri mengi ya watoto, alinikuta kwenye benchi la nje wakati wa mapumziko. Nilitegemea anifokee. Aliketi, akaweka jalada magotini, akasema: "Mtoto asipokumbuka siku, nina la kuieleza mahakama. Mtoto akifundishwa siku, nitaieleza nini?"

Hapa kwetu Tanzania, tangu marekebisho ya mwaka 2016 ya Sheria ya Ushahidi, mtoto mdogo, yaani asiyezidi miaka 14, anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, lakini ni lazima kwanza aahidi kwamba atasema kweli na hatasema uongo. Mahakama ya Rufani nayo imerudia kwa miaka mingi kwamba ushahidi ulio bora katika makosa ya kujamiiana ni ule unaotoka kwa mwathirika mwenyewe, na mahakama ikiridhika kwamba anasema kweli inaweza kumtia mshtakiwa hatiani kwa ushahidi huo peke yake. Kwa hiyo katika chumba kile sauti ya mtoto ndiyo ilikuwa shauri lenyewe, nami nilikuwa nimeingiza neno langu ndani ya sauti hiyo.

Hukumu ilikwisha kutolewa. Sitaeleza ilivyokuwa, wala wilaya, wala mwaka, kwa sababu habari hizo ni zake.

Ujumbe wa kidato cha sita

Wiki saba zilizopita binti mmoja aliyemaliza kidato cha sita alinitumia ujumbe kwenye simu. "Shikamoo dada. Ninataka kufanya kazi kama yako ya kuwasimamia waliotendewa uhalifu. Nisomee nini, na nianzie wapi?"

Nilimjibu marahaba, nikamwahidi kumjibu mengine jioni.

Jioni ile haikufika. Kila nilipoanza kuandika nilimwona hakimu ameinua kalamu, nikafuta. Lilikuwa swali halali la mtu anayetaka kupanga maisha yake, na mimi niliyeifanya kazi hii kwa miaka tisa nilijikuta sina jibu ambalo ningelitia sahihi.

Kazi yenye majina mengi

Jibu la haraka lingekuwa kumtajia vyuo. Asomee ustawi wa jamii; Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama imekuwa ikifundisha fani hiyo tangu miaka ya 1970, kuanzia ngazi ya cheti. Au asomee sheria. Au aingie Jeshi la Polisi, na Mungu akijalia apangwe kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Au asomee uuguzi. Au awe msaidizi wa kisheria, kada ambayo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliitambua rasmi na kuitaka ipate mafunzo, bila kuipa ruhusa ya kusimama mahakamani kama mawakili. Au ajiunge na kamati ya ulinzi ya mtaa wake, zile kamati zilizoundwa chini ya MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto ulioanza mwaka wa fedha 2017/18.

Yote hayo ni kweli, na hakuna hata moja ambalo ndilo kazi aliyoiulizia.

Mfuate mtu mmoja aliyedhurika kwa siku moja tu, nawe utaona ninachokisema. Polisi anakofungua jalada na kupewa PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, anaitwa mlalamikaji. Hospitali, ambako daktari ataijaza fomu hiyo, anaitwa mgonjwa. Kwa afisa ustawi wa jamii anaitwa mteja. Mahakamani, miezi baadaye, ataitwa shahidi wa kwanza wa upande wa mashtaka, na watakaomwita hivyo hawatakuwa wale waliompokea siku ya kwanza. Kwenye ofisi kama yetu tunamwita manusura, neno ambalo wengi wao hulisikia kwa mara ya kwanza kutoka vinywani mwetu. Kila mlango una mtaalamu aliyesomea mlango wake, na wengi wao ni watu wema wanaofanya kazi kwa uchovu mkubwa. Anayekosekana ni mtu wa kutembea naye kutoka mlango mmoja hadi mwingine, anayejua kwamba mgonjwa wa jana ndiye mlalamikaji wa leo, na kwamba alikwisha kusimulia mara nne na hana haja ya kusimulia mara ya tano kwa sababu tu karani wa zamu amebadilika.

Vituo vya Mkono kwa Mkono vilibuniwa kwa ajili ya tatizo hilohilo: polisi, mhudumu wa afya, afisa ustawi na msaada wa kisheria chini ya paa moja. Nimeona nafuu inayoletwa na paa hilo, na nimeona pia jinsi safari inavyoanza upya mtu anapotoka chini yake na kuelekea mahakamani.

Mtu huyo wa kutembea naye hana jina moja kwetu. Kwa kuwa hana jina, hakuna aliyeandika anapaswa kujua nini.

Siku tatu na cheti

Mimi nilifundishwa kwa siku tatu.

Yalikuwa mafunzo mazuri, na sitaki kuyadharau, kwa sababu walioyaandaa walikuwa na nia njema na fedha kidogo. Siku ya kwanza tuliandika aina za ukatili kwenye bango kitita. Siku ya pili alikuja mwanasheria akatupitisha kwenye Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 na Sheria ya Mtoto ya 2009, vifungu na adhabu zake, tukanakili. Siku ya tatu asubuhi tulifanya igizo dhima, na mchana tukapewa vyeti.

Katika igizo lile mwenzangu aliigiza mama aliyepigwa, akalia, nami niliyekuwa mhudumu nikainuka na kumkumbatia. Ukumbi mzima ulipiga makofi.

Miezi miwili baadaye nilifanya vilevile kwa mama wa kweli. Mwili wake ulikakamaa mikononi mwangu kama mti. Hakunisukuma, alivumilia tu, kama alivyokuwa amevumilia mikono mingine, mpaka nilipomwachia. Hakuna aliyekuwa amenifundisha kwamba mtu aliyeguswa bila ridhaa yake huulizwa kwanza kabla ya kuguswa, hata kwa huruma. Makofi ya ukumbini yalikuwa yamenifundisha kinyume chake.

Nilichojiuliza wiki hizi ni kwa nini tulitumia siku nzima kunakili adhabu. Anayeketi nami kwenye benchi la hospitali saa nne usiku haniulizi kosa lile lina kifungo cha miaka mingapi. Ananiuliza kama mumewe ataambiwa. Ananiuliza kama akienda nyumbani kuoga kwanza kuna ubaya, na nani atamtazama mtoto mdogo aliyemwacha kwa jirani. Yapo pia mambo asiyoyauliza ambayo ni lazima mimi niyajue bila kuulizwa.

Bahasha za kaki

Mengi kati ya hayo alinifundisha muuguzi mmoja wa zamu ya usiku, ambaye leo amestaafu.

Usiku huo tulifika na binti aliyekuwa amebeba nguo zake kwenye mfuko wa plastiki, amezifunga vizuri kwa fundo. Muuguzi aliutazama mfuko, akautazama uso wangu, akafungua droo na kutoa bahasha kubwa za kaki. Alimweleza binti kila atakachokifanya kabla ya kukifanya: sasa ninafungua fundo, sasa ninaitoa blauzi, ninaiacha ikauke hapa, kisha kila nguo ninaiweka kwenye bahasha yake. Baadaye, akinawa mikono, aliniambia kwamba plastiki hushika unyevu, unyevu huozesha ushahidi, na kwamba hayo yalistahili kuwa ya kwanza kuambiwa mimi nilipoanza kazi.

Kutoka kwake nilijifunza pia kuhesabu saa. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzishwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza faida yake. Dawa za dharura za kuzuia mimba zina nafasi ya hadi saa 120, nazo pia ni bora zaidi zikiwahi. Kwa hiyo mtu akinipigia simu Jumatatu asubuhi kuhusu jambo la Ijumaa usiku, swali langu la kwanza ni saa ngapi, na habari nyingine zinangoja. Tangu wakati huo mkoba wangu una bahasha sita za kaki, kanga mbili, chupa ya maji na biskuti. Kanga ni kwa ajili ya anayeacha nguo zake hospitali na bado anatakiwa kupanda daladala kurudi nyumbani.

Niliyajua hayo katika mwaka wa tatu wa kazi. Huwa ninawafikiria niliowahudumia katika miaka miwili ya kwanza.

Saa 40

Katika kutafuta jibu la binti yule nilisoma jinsi wengine wanavyofanya. Huko California, sheria ya ushahidi inamtambua mshauri wa waliotendewa ukatili wa kingono akiwa amepata mafunzo ya saa zisizopungua 40, na akishatambuliwa, mazungumzo yake na anayemhudumia yanalindwa kama siri ambayo mahakama haiichukui ovyo. Shirika la kitaifa la Marekani la msaada kwa waathirika, NOVA, lililoanzishwa mwaka 1975, linaendesha mpango wa kuwathibitisha watetezi hao kwa ngazi, na ngazi ya msingi inadai saa 3,900 za kazi yenyewe, sawa na karibu miaka miwili ya kutwa. Jirani zetu wa Kenya walitunga mwaka 2014 sheria mahususi ya kuwalinda waathirika wa uhalifu.

Idadi ya saa haikunishtua sana. Kilichonikalisha chini ni ile siri.

Sheria yetu inalinda mazungumzo ya wakili na mteja wake. Mimi si wakili. Kwa miaka tisa nimeandika kwenye daftari maneno ya watu, tarehe, machozi, mambo waliyokumbuka baadaye na yale waliyoyakana, nikidhani kwamba kuandika mengi ni dalili ya umakini. Sikuwahi kumweleza hata mmoja wao kwamba daftari lile linaweza kuitwa mahakamani, nami pia nikaitwa pamoja nalo. Siku hizi ninaandika miadi, mahali tulipokwenda na kinachofuata. Simulizi ninaiacha kwa polisi na daktari, ambao kuiandika ni kazi yao.

Azimio la Umoja wa Mataifa la 1985 kuhusu haki kwa waathirika wa uhalifu linataka polisi, watumishi wa mahakama, wa afya na wa ustawi wafundishwe kuyatambua mahitaji ya waathirika. Azimio hilo lilipitishwa miaka mingi kabla sijaanza kazi, na nililisoma kwa mara ya kwanza mwezi uliopita. Hilo nimelihesabu kuwa sehemu ya jibu.

Mama wa mtaa wa pili

Nilipofika hapo nilikuwa tayari kumwandikia binti: soma, tena soma sana, na usimguse mtu kabla hujapata saa zako 40. Kisha nikamkumbuka mama mmoja wa mtaa wa pili kutoka kwetu.

Mama huyu aliishia darasa la saba na anauza mboga. Watu humwendea usiku. Nimemwona akimpokea msichana aliyekuja akitetemeka, hakumuuliza chochote. Alimpisha kwenye mkeka, akawasha jiko la mkaa, akaendelea kuchambua mchicha kimyakimya mpaka msichana alipoanza mwenyewe kuchambua naye. Ilipita zaidi ya saa nzima kabla ya neno la kwanza, na neno hilo lilikuwa la msichana. Mama akasema, "Haya. Unataka twende wapi, na unataka nani ajue?" Sijaona mwenye shahada aliyefanya vizuri zaidi ya hapo.

Tukiweka masharti ya elimu kwenye kazi hii, yeye ndiye wa kwanza kufungiwa mlango, na wanaomwendea hawatakwenda kwa mwenye cheti, watabaki ndani. Tusipoweka masharti, tutaendelea kuwa na watu kama mimi wa miaka ile, wenye upendo mwingi na mfuko wa plastiki mkononi. Nimebaki kati ya mambo haya mawili kwa wiki nyingi, na sitadai kwamba nimetoka.

Ninachoweza kusema ni kwamba mama yule ana jambo ambalo nililikosa jioni ile kwa shangazi: anajua kazi yake inaishia wapi. Hamalizi sentensi ya mtu. Mwaka jana nilimpa bahasha za kaki na kumweleza habari ya saa 72, na ilituchukua asubuhi moja tu. Aliuliza maswali makali, akarudia mpaka akaridhika. Mimi kujifunza kunyamaza kama anavyonyamaza yeye imenichukua miaka, na bado sijafika.

Ndiyo maana sasa ninaamini kwamba sharti la kwanza liwe muda wa kufanya kazi chini ya macho ya mtu mwingine, miezi kadhaa, kwa msomi na kwa asiye msomi. Siku ile kwa shangazi, kama kungekuwa na mwenzangu mkongwe kwenye kochi la pili, angekohoa tu nami ningenyamaza. Nilikuwa peke yangu, mwenye cheti ukutani, na hakuna aliyekuwa na wajibu wa kuniuliza jioni ilikwendaje. Anayefanya kazi hii bila msimamizi pia hana wa kumwambia kwamba amekosa usingizi, na hilo limewaondoa kazini wenzangu wazuri kuliko mimi.

Jumatano

Nilimwandikia binti hatimaye. Nikamtajia vyuo, kwa sababu anavihitaji, nikamshauri ustawi wa jamii kwa kuwa ndiko atakakopata ajira yenye mshahara na mamlaka ya kisheria juu ya ulinzi wa mtoto. Nikamweleza habari ya Alhamisi, yote. Kisha nikamwambia kwamba akitaka kuona kabla ya kujaza fomu za chuo, aje Jumatano saa mbili asubuhi, nitakuwa mahakamani na mama mmoja na mwanawe. Asiongee na mtoto, na simu aizime.

Alifika saa moja na nusu, amevaa sketi ndefu, na daftari jipya kwenye mkoba. Nikamwomba daftari alirudishe mkobani.

Mama na mwanawe walipofika, nilimchukua mama pembeni, nikamweleza kwamba kuna binti anayetaka kujifunza kazi hii, na kwamba angeketi nasi kwenye benchi ikiwa yeye na mtoto wataridhia, na wasiporidhia hakuna kitakachopungua. Mama alimtazama binti kwa mbali kwa muda. Akainama akamnong'oneza mwanawe, akainuka.

"Hapana, dada. Naomba abaki huko."

Nilikwenda kumwambia. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumfariji, lakini hakuyahitaji. Alisema sawa, akauliza aketi wapi ili wasimwone kila wanapogeuka, nikamwonyesha mwarobaini ulio nyuma ya jengo.

Tulitoka saa saba mchana. Alikuwa bado pale, mgongo ukiegemea shina, mkoba umefungwa. Aliniamkia, akanipa maji, tukatembea pamoja hadi kituo cha daladala, na njia nzima hakuniuliza ndani kulikuwa na nini.